Mwanafunzi Aliyeruka Juu Kuliko Watu Wote

Katika michezo yote ya mbio na kuruka, upo mmoja ambao desturi yake ni ya ajabu kidogo. Mshindi wa mbio humaliza kazi yake kwa kukata utepe mbele ya wenzake, na mshindi wa kutupa mkuki humaliza pale mkuki wake unapochoma ardhi mbali kuliko mikuki mingine. Lakini mshindi wa kuruka juu, akiwa amekwisha kuwashinda wote walioshindana naye, huulizwa na waamuzi ni kimo gani angependa kukijaribu sasa. Naye huendelea kuruka peke yake, ufito ukizidi kupandishwa, mpaka aushindwe mara tatu mfululizo au aamue mwenyewe kuacha. Kwa hiyo mchezo huu aghalabu huisha kwa kushindwa, hata kwa yule anayevikwa nishani. Wahenga walisema ya kuwa asiyekubali kushindwa si mshindani, na mrukaji huyakumbuka maneno hayo kila aingiapo kiwanjani.

Leo twataka kuwasimulia wasomaji wetu habari za mwanafunzi mmoja, jina lake Valeriy Brumel, ambaye tarehe 31 Agosti 1961, katika michezo ya wanafunzi wa vyuo vikuu vya dunia iliyofanywa Sofia, mji mkuu wa Bulgaria, aliuvuka ufito uliowekwa meta 2.25 kutoka ardhini, yaani futi saba na inchi nne u nusu. Mruko huo uliandikwa kuwa rekodi mpya ya dunia. Tutaeleza jinsi alivyofika huko, na tutaeleza pia mambo yaliyompata baadaye, kwa maana katika hayo ya baadaye mna mafunzo mengi kuliko katika nishani zake.

SHERIA ZA MCHEZO

Kwa ajili ya wale ambao hawajapata kuutazama mchezo huu kwa karibu, yafaa tueleze sheria zake kwa ufupi. Nguzo mbili husimamishwa, na ufito mwembamba hulazwa juu ya vishikizo vidogo vya nguzo hizo. Ufito haufungwi, ukiguswa kwa nguvu huanguka. Mrukaji huja mbio, na sheria yamtaka aruke kwa mguu mmoja tu, wala si kwa miguu miwili pamoja. Akiuangusha ufito, amekosa. Akikosa mara tatu mfululizo, mchezo wake umekwisha. Wakibaki wawili waliovuka kimo kimoja na wote wakashindwa kimo kinachofuata, waamuzi hutazama daftari lao na kuhesabu makosa. Mwenye makosa machache ndiye mshindi. Msomaji na aishike sheria hii ya kuhesabu makosa, maana mara mbili iliamua mambo makubwa katika maisha ya Brumel.

Akitaka kujua maana ya meta 2.25, na asimame mlangoni pake na kutazama juu. Mlango wa kawaida wa nyumba ya mawe una kimo cha meta mbili au karibu na hapo. Apime sasa kutoka ukingo wa juu wa mlango shibiri moja na zaidi kidogo, kisha afikiri ya kuwa mtu alipita juu ya alama hiyo bila ya kushika kitu chochote, kwa nguvu za miguu yake tu. Brumel mwenyewe alikuwa na kimo cha meta 1.85. Siku ile alipita juu ya kichwa chake mwenyewe kwa sentimeta arobaini.

Wala mchezo huu si mgeni kwetu sisi watu wa Afrika. Katika michezo ya mwaka 1954 ya nchi zilizokuwa chini ya taji la Uingereza, iliyofanywa Vancouver katika Kanada, nishani zote tatu za kuruka juu zilichukuliwa na Waafrika. Wa kwanza alikuwa Emmanuel Ifeajuna wa Nijeria, aliyevuka futi sita na inchi nane akiwa amevaa kiatu mguu mmoja tu. Wa pili alikuwa jirani yetu Patrick Etolu wa Uganda. Na wa tatu Nafiu Osagie, naye wa Nijeria.

MICHEZO YA WANAFUNZI WA DUNIA

Baada ya vita vya pili vya dunia, wanafunzi wa vyuo vikuu walikuwa na michezo yao, lakini ugomvi wa mataifa makubwa uliwagawanya hata wao. Wanafunzi wa nchi za Kikomunisti walikuwa na mikutano yao ya michezo, na wale wa nchi za Magharibi, ambao chama chao kiliundwa mwaka 1949, walikuwa na mikutano yao mbali. Mwaka 1959 Waitalia waliwaalika wote pamoja katika mji wa Turin, na mkutano huo ukaitwa Universiade, jina lililotungwa kwa kuunganisha neno la chuo kikuu na neno la Olimpiki. Tangu mwaka 2020 michezo hiyo imepewa jina jingine, la Michezo ya Vyuo Vikuu vya Dunia, lakini ni ile ile.

Huko Turin ilianzishwa desturi moja iliyo nzuri sana. Mshindi alipopanda jukwaani kuvikwa nishani, haukupigwa wimbo wa taifa lake. Badala yake ulipigwa wimbo wa kale wa wanafunzi, Gaudeamus igitur, ulioandikwa kwa Kilatini, lugha ambayo leo si ya taifa lolote. Hivyo kila kijana alisifiwa kwa wimbo ambao aliyeshindwa naye aliweza kuuimba.

Mkutano wa pili ulikuwa huo wa Sofia, mwishoni mwa Agosti 1961. Yafaa tukumbuke siku zile zilikuwa siku za namna gani. Tarehe 13 ya mwezi ule ule, ukuta wa Berlin ulianza kujengwa, na watu wa mji mmoja wakatengwa wasiweze kuonana na ndugu zao. Majuma mawili hayakutimia ndipo wanafunzi wa Mashariki na wa Magharibi walipokutana kiwanjani kushindana kwa miguu na mikono, wakala pamoja na kulala katika mji mmoja. Hatusemi ya kuwa michezo ilimaliza ugomvi wa wakubwa, kwa kuwa haikuumaliza. Twasema tu ya kuwa katika mwezi ule mbaya palikuwa na mahali ambapo vijana wa pande mbili waliweza kupeana mikono.

KIJANA KUTOKA SIBERIA

Brumel alizaliwa tarehe 14 Aprili 1942 katika kijiji cha Siberia, mbali sana na miji mikubwa. Wazazi wake walifanya kazi ya kuchunguza madini yaliyomo ardhini. Baadaye jamaa yake ilihamia Ukraine, katika mji wa Luhansk, na huko ndiko alikoanza kuruka akiwa bado mtoto wa shule. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na minane tu alichaguliwa kwenda katika michezo ya Olimpiki ya mwaka 1960, mjini Roma.

Mwaka ule watu wote walikuwa wakimtazama mrukaji mwingine, naye pia alikuwa mwanafunzi. Huyu ni John Thomas, Mmarekani mweusi wa Chuo Kikuu cha Boston. Mwaka 1959 mguu wake, na ni ule ule aliorukia, ulibanwa vibaya katika lifti, ile mashine ya kupandishia watu ghorofani, na wengi walidhani hataruka tena. Lakini aliuguza mguu wake kwa subira, akarudi kiwanjani, na tarehe 1 Julai 1960 akavuka meta 2.22, kimo ambacho hapana mwingine aliyekuwa amekifikia. Magazeti ya kwao yakaandika kana kwamba nishani ya dhahabu imekwisha tiwa mfukoni mwake.

Mambo ya Roma yalikwenda kinyume. Thomas alishindwa baada ya meta 2.14, akawa wa tatu. Robert Shavlakadze na Brumel, wote wawili wa Muungano wa Kisovieti, walivuka meta 2.16, na kwa kuwa wote walishindwa kimo kilichofuata, waamuzi walifungua daftari. Shavlakadze alikuwa na makosa machache, naye akapewa dhahabu. Kijana Brumel akarudi kwao na nishani ya fedha, akiwa amevuka kimo kile kile alichovuka mshindi. Thomas alirudi kwao na aibu asiyostahili, kwa kuwa wale wale waliomsifu kupita kiasi sasa walimlaumu kupita kiasi. Hili nalo ni jambo la kufikiriwa na kila mtazamaji wa michezo. Kijana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa wa tatu katika dunia nzima aliambiwa ya kuwa amelifedhehesha taifa lake.

KAZI ISIYOONEKANA

Watu huuona mruko, ambao ni kazi ya kufumba na kufumbua. Hawaioni kazi ya miaka iliyotangulia. Mwalimu wa Brumel aliitwa Vladimir Dyachkov, mtu aliyeuchunguza mchezo huu kwa vipimo kama vile bwana shamba achunguzavyo udongo kabla ya kumwambia mkulima apande nini. Chini ya uongozi wake Brumel aliinua vyuma vizito, alikimbia mbio fupi, alijizoeza michezo ya kunyumbua viungo, na kila jambo lilikuwa na kipimo chake na siku yake.

Warukaji wa zamani walizoea kupita juu ya ufito wakiwa wima, mguu mmoja ukitangulia na mwingine ukifuata kama vile mkasi unavyofunguka na kufunga. Namna hii ni rahisi kujifunza, lakini yamlazimu mtu aupandishe mwili wake wote juu sana. Brumel alitumia namna nyingine, iliyokuwa ikifuatwa na warukaji wengi wakubwa wa siku zake. Alikuja mbio kwa upande, akakanyaga kwa nguvu mguu ulio karibu na ufito, akaurusha mguu wa pili juu, kisha akauzungusha mwili hata kifua na tumbo vikauelekea ufito, kama mtu alalaye kifudifudi juu ya tawi la mti. Faida yake ni kwamba mwili haupiti wote kwa mara moja. Sehemu moja ikiwa juu, nyingine imekwisha anza kushuka, na kwa hiyo nguvu zile zile za mguu humvusha mtu kimo kikubwa zaidi.

Jambo ambalo Brumel aliliongeza ni mwendo. Wengi kabla yake waliuendea ufito polepole, wakiogopa kupotewa na hatua zao. Yeye aliuendea kwa kasi, kisha akaigeuza kasi ile kuwa mruko katika hatua yake ya mwisho. Hili ni gumu sana, kwa kuwa mguu huo mmoja hauna budi kuupokea uzito wote wa mwili ujao mbio na kuusukuma kwenda juu. Ndiyo sababu aliinua vyuma kwa muda wa miaka.

SENTIMETA MOJA KWA MARA MOJA

Mavuno yalikuja mwaka 1961. Tarehe 18 Juni, mjini Moscow, Brumel alivuka meta 2.23 na kuipita rekodi ya Thomas. Tarehe 16 Julai, katika mji huo huo, katika mashindano ya Wasovieti na Wamarekani, Thomas mwenyewe akiwapo, alivuka meta 2.24. Kisha ikaja Sofia na meta 2.25. Msomaji ataona ya kuwa kila mara aliongeza sentimeta moja, ambayo haizidi unene wa kidole. Mkulima anayejua jinsi kibaba kinavyojazwa kwa haba na haba hatastaajabu.

Twapenda kuutaja mruko wa Sofia zaidi ya mingine kwa sababu aliuruka mbele ya wanafunzi wenzake. Katika Olimpiki mtu huja amebeba matumaini ya taifa zima, na magazeti humngoja mlangoni kama yalivyomngoja Thomas. Katika michezo ya vyuo washindani ni vijana ambao wengi wao, juma linalofuata, hurudi katika vitabu na mitihani. Mmoja atakuwa daktari, mwingine mhandisi, mwingine mwalimu. Rekodi ya dunia iliwekwa katika mkutano huo kama vile mtu anavyoweza kukuta ng'ombe bora wa wilaya nzima katika boma la jirani yake asiyejivuna.

Baada ya Sofia aliendelea vile vile. Tarehe 22 Julai 1962 alivuka meta 2.26 huko Palo Alto, katika Marekani, mbele ya makumi ya maelfu ya Wamarekani, nao walimshangilia kwa moyo mmoja, ijapokuwa serikali zao zilikuwa zikitishana. Mwezi wa Septemba mwaka huo alivuka meta 2.27 Moscow. Tarehe 21 Julai 1963, Moscow tena, alivuka meta 2.28, nayo ikawa rekodi yake ya mwisho, iliyobaki vitabuni hadi mwaka 1971. Mwaka huo wa 1963 alikwenda pia Porto Alegre, katika Brazili, akashinda michezo ya wanafunzi kwa mara ya pili.

Mwaka 1964 Olimpiki ilifanywa Tokyo, na Brumel na Thomas wakakutana tena. Wote wawili walivuka meta 2.18, na wote wawili wakashindwa kimo kilichofuata. Daftari la makosa likafunguliwa kama lilivyofunguliwa Roma, na safari hii lilimpa Brumel dhahabu na Thomas fedha. Sheria iliyomnyima miaka minne iliyopita sasa ilimpa. Wawili hao, waliopambanishwa na magazeti kama majogoo, walikuwa wamekwisha kuwa marafiki.

MPANDA NGAZI HUSHUKA

Mwezi wa Oktoba 1965 Brumel alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, na wengi walikuwa wakiuliza kama atavuka meta 2.30. Siku moja mjini Moscow alipanda pikipiki nyuma ya rafiki yake. Barabara ilikuwa na maji, pikipiki ikateleza, na mguu wa Brumel ukavunjika vibaya sana hata madaktari wakafikiri kuukata. Waliuokoa, lakini mifupa ilikataa kuunga. Kwa muda wa karibu miaka mitatu alitoka katika upasuaji mmoja akaingia katika mwingine, akitembea kwa magongo. Mguu uliokuwa umeponyeshwa nusu ukabaki mfupi kuliko mwenzake.

Na tumfikirie kidogo kijana huyu. Jina lake lilikuwa limejulikana katika dunia nzima kwa sababu ya jambo moja tu, nalo ni kuruka. Sasa hakuweza kupanda ngazi za nyumba yake bila ya msaada. Rafiki wa siku za ushindi hupungua siku kama hizo, na watu huanza kumtaja mtu kwa maneno ya wakati uliopita angali hai.

DAKTARI WA KURGAN

Katika mji wa Kurgan, mbali na Moscow, alikuwapo daktari aitwaye Gavriil Ilizarov, aliyezaliwa mwaka 1921. Alikuwa ameanza kazi yake katika hospitali ya mashambani mwishoni mwa vita, akiwatibu watu waliovunjika mifupa. Huko alibuni kifaa chake. Pete za chuma huzunguka mguu kwa nje. Nyaya nyembamba zilizokazwa hupita katika mfupa na kufungwa kwenye pete. Na pete huunganishwa kwa vyuma vyenye skrubu. Skrubu hizo zikizungushwa kidogo kidogo kila siku, vipande vya mfupa huvutwa mbali kwa kadiri ya milimeta moja kwa siku, na mwili wenyewe hulijaza pengo lile kwa mfupa mpya. Hivyo mguu uliofupika huweza kurefushwa. Tena mgonjwa halali kitandani amefungwa plasta. Huambiwa asimame na kutembea, kwa kuwa mfupa hupata nguvu kwa kutumiwa.

Wakubwa wengi wa udaktari katika Moscow hawakuyasadiki maneno ya daktari huyu wa mkoani. Brumel alimwendea mwaka 1968, akiwa amekwisha kujaribu yote mengine, na Ilizarov akautibu mguu wake, ukaunga na kurefuka. Brumel akaacha magongo, akaanza mazoezi upya kama mtoto wa shule, na miaka michache baada ya ajali akauvuka tena ufito uliowekwa juu ya meta mbili.

Meta mbili si meta 2.28. Hakurudi kuwa bingwa, na karibu mwaka 1970 aliacha kushindana. Lakini twaomba msomaji aurudie mlango wake na kuutazama tena. Mtu ambaye mguu wake ulikuwa karibu kukatwa alipita juu ya mlango ule. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Na kupona kwake kulikuwa na faida kwa wengine pia, maana watu waliokuwa hawajapata kulisikia jina la Ilizarov sasa walilisikia. Katika miaka iliyofuata kifaa chake kilienea, na leo madaktari wa mifupa hukitumia duniani kote kwa watu ambao hawajapata kuruka hata ua wa bustani. Brumel mwenyewe aligeukia kalamu na kuandika vitabu, akafariki Moscow tarehe 26 Januari 2003.

WALIOFUATA NYUMA YAKE

Mwaka ule ule 1968 ambao Brumel alikuwa Kurgan, mwanafunzi mwingine aliubadili mchezo wote. Dick Fosbury, Mmarekani aliyekuwa akisoma uhandisi katika Oregon, alishinda Olimpiki ya Mexico kwa meta 2.24 akipita juu ya ufito kichwa kikitangulia na mgongo ukiwa chini. Watu walicheka, kisha wakajaribu, kisha wakaacha kucheka. Mwaka 1978 ndipo rekodi ya dunia ilipowekwa kwa mara ya mwisho kwa namna ya kifudifudi. Tangu hapo zote zimewekwa kwa mgongo.

Michezo ya wanafunzi iliona tena rekodi ya dunia tarehe 4 Septemba 1985, huko Kobe katika Japani. Aliyeiweka ni Igor Paklin wa Muungano wa Kisovieti, mzaliwa wa Frunze, mji ambao leo huitwa Bishkek na ni mji mkuu wa Kirgizi. Alizaliwa Juni 1963, mwezi mmoja kabla ya Brumel kuvuka meta 2.28. Paklin alivuka meta 2.41, yaani futi saba na karibu inchi kumi na moja, akiipita rekodi ambayo ilikuwa na umri wa siku ishirini na nne tu. Tangu Sofia hadi Kobe ni miaka ishirini na minne, na tofauti ya miruko miwili hiyo ni sentimeta kumi na sita. Mpango wa kazi wa miaka hiyo yote, pamoja na walimu wake, magodoro yake na namna yake mpya, haukufikia shibiri moja. Naye Paklin akapitwa mwaka 1987. Rekodi iliyoko sasa, ya meta 2.45, iliwekwa na Javier Sotomayor wa Kyuba mwaka 1993.

SHAURI KWA WALIMU NA WAZAZI

Yamkini walimu watakaosoma habari hizi watapenda kuwafundisha watoto mchezo huu, na twawasihi wafanye hivyo. Vyombo vyake si vya gharama kubwa. Nguzo mbili zilizotiwa alama za vipimo, ufito mwepesi wa mwanzi, na shimo pana lililojazwa mchanga laini uliopalilia vizuri kwa jembe kila kabla ya mchezo. Lakini tahadhari moja ni ya lazima. Namna ya Fosbury humfanya mtu aanguke kwa mabega na shingo, nayo iliwezekana kwa sababu magodoro mazito yalikuwa yamewekwa mahali pa mchanga. Mtoto asiruhusiwe kamwe kuiiga juu ya mchanga au nyasi, kwa kuwa aweza kuvunjika shingo. Mahali pasipo na godoro, afundishwe namna ya mkasi, ambayo humwangusha kwa miguu yake. Akiiweza hiyo vema, amekwisha kujifunza hatua, kasi na moyo, na mengine yatafuata.

Tena tungewaomba wazazi wanaokwenda kutazama michezo ya shule wamkumbuke John Thomas. Mtoto akiangusha ufito mara tatu, asichekwe wala asitukanwe njiani wakati wa kurudi nyumbani. Naulizwe tu amevuka kimo gani leo, na mwezi uliopita alivuka kimo gani. Ikiwa ameongeza unene wa kidole kimoja, amefanya kadiri ile ile aliyoifanya Brumel alipokwenda Sofia.